Ukuta ni Mkopo

Uani kwangu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
nimetandika gunia la mkonge maradufu,
nimevaa suruali ya Mhina, mtoto wa kaka,
kiunoni nimeikaza kwa futi ya kupimia.
Miaka arobaini na mitatu. Fundi cherehani.
Mikono hii imekata magauni ya maharusi
nisioweza tena kuwahesabu,
haijawahi kunibeba mimi.

"Shangazi, tanua vidole," anasema Mhina,
"kama unabana hariri isiteleze mezani."
Hapo nikaelewa.

Wiki ya kwanza nilikuwa kunguru:
magoti juu ya viwiko, pua ikinusa sakafu,
kunguru mnene, kashiba maandazi,
nikatua kwa paji la uso.
Watoto wa Bi Kidawa wakachungulia juu ya ua,
wakaenda kutangaza hadi Barabara ya Ishirini.

Wiki ya nne, ukuta.
Ukuta nikauzoea. Nikauegemeza visigino,
chokaa ikanipaka soksi,
nikahesabu hadi sitini, nikajiona nimefika.
Mhina akasema: ukuta ni mkopo.

Leo nimeuacha hatua mbili.
Teke moja. Nyonga juu ya mabega,
mbavu ndani, masikio katikati ya mikono,
na pipa la maji limepinduka halimwagiki,
kamba ya nguo iko chini, kanga zinaning'inia kwenda juu.
Nikielemea mbele, vidole vinakwaruza gunia;
nikirudi nyuma, kitako cha kiganja kinakataa.
Kumbe hakuna kutulia huku.
Ni kurekebisha, na kurekebisha,
kama mshono unaotaka kwenda upande
na mguu wako bado uko kwenye pedali.

Mkono wa kushoto, huu uliovunjika
siku niliyosukumwa ngazini
na mtu ambaye simtaji,
unatetemeka.
Lakini upo.

"Saba," anahesabu Mhina. "Nane."
Kifungo kimechomoka mfukoni,
kinabingirika, kinasimama mbele ya jicho langu,
matundu manne, kinanitazama.
"Tisa."
Harufu. Mbaazi zinashika chini ya sufuria.
"Kumi. Shangazi, shuka, mbaazi!"

Ziungue.