Kuyeyuka Mara Mbili

Boraksi nililetewa na shemeji Lushinge,
anayechomea watu dhahabu kule Geita,
kilo mbili ndani ya mfuko wa chumvi.
"Hii," alisema, "hulainisha jiwe bishi."

Nami kwa pupa nikaikoroga mbichi
na udongo mweupe, ndoo nzima ya maji ya ziwa.
Luchelele ilikuwa na baridi usiku huo.
Asubuhi: fuwele chini ya ndoo, ngumu kama magego,
na juu yake maji matupu.
Mabakuli niliyokwisha kuyachovya
yalitoka tanurini na malengelenge,
ngozi ya chura.

Fundi betri wa Igoma akanishauri, tia risasi,
litang'aa hadi ujione.
Nikauwaza uji wa Nshoma,
ulimi wake unavyolikomba bakuli hadi chini.
Sikumjibu.

Nikaokota chupa za bia nyuma ya baa, Mkuyuni.
Nikaziponda, nikachanganya na boraksi na mchanga,
nikajaza kalibu niliyoazimwa na Lushinge
(ina punje ya dhahabu ufani, alinionya,
ukiiona ni yangu).
Makaa, feni ya gari bovu, tangu alfajiri hadi adhuhuri.
Ikawa asali.
Nikaimwaga ndooni:
chwaa! mvuke usoni, kisha
ta, ta, tata, ta,
kioo kikijivunja chenyewe majini.

Hiyo ndiyo friti.
Boraksi imo, lakini imefungiwa;
maji yameipigia hodi, haikuitika.

Siku mbili nilisaga kwa jiwe la marehemu mama,
jiwe lililozoea mtama. Meno yalinifa ganzi.
Nikachekecha kwa kanga kuukuu.
Unga ulitoka mweupe, ungedhani muhogo;
Nshoma alipoukaribia nilimchapa mkono.
Nikaongeza udongo, ukufi mmoja, usizame.

Tanuri langu ni la matofali ya kuokoteza.
Likifika nyuzi elfu moja linaanza kuhema.
Lakini kilichowahi kuyeyuka
hakibembelezwi mara ya pili.

Mabakuli tisa. Mawili yamegandia rafu,
manne yana nyufa nyembamba, bado yanalia ti, ti,
matatu yametulia, kijani
cha magugumaji yakipigwa na jua.

Lushinge alikuja Jumapili kuulizia punje yake.
Nikamwonyesha bakuli la mwisho:
karibu na ukingo, doa dogo la waridi
ambalo sikulitia mimi.
Akaligeuza. Akaligeuza tena.
Akaondoka nalo kwapani, bila kuaga.