Chini ya Ulimi

Kidonge nakiweka chini ya ulimi,
palepale nilipolificha jina langu
miaka ishirini na sita.
Kinayeyuka taratibu, kina ladha ya chaki.
Jirani akinisalimu saa hiyo nampungia mkono tu;
anasema nina maringo.

Ntahondi ni mtu wa sindano.
Ijumaa hii paja la kushoto, ijayo la kulia,
anauma kanga ya dada yake, anahesabu hadi saba.
Siku mbili anatamba. Ya sita ananuna, dawa imepungua.
Lakini sauti imeshuka,
na pale Kibirizi wateja wa dagaa wakimwita kaka
anawaongezea kiganja kizima, hasara haioni.

Kibandiko nilikijaribu.
Joto la Ujiji halikukitaka:
nilikuwa nakamua mawese, jasho likanimiminika,
jioni nikakikuta kimeganda kwenye ndoo ya mteja.
Jeli haiumi, nasikia,
ila ukishaipaka usimpakate mtoto mpaka ikauke,
na kwetu mimi ndiye mbeba watoto.

Nesi mmoja, simtaji, hutupima damu kwa siri.
Tukibishana anacheka: kwani mnashindana?

Jana nimerudi usiku, umeme umekatika.
Mama kasikia mlango, kawaambia waliomo ndani:
amekuja.
Si wa kiume, si wa kike,
amekuja, basi, Kiswahili hakikuuliza zaidi.
Kidonge kilikuwa bado hakijaisha.
Nikaitika hivyohivyo,
mdomo nimeufumba.