Suti ya Babu Bobore

Aprili, maharage mapana yalipochanua,
doa jeusi katikati ya ua jeupe,
Bachisio alirudi toka shule, mifuko imetuna.
Alikuwa ameyala mabichi, akiyamenya kwa meno,
yeye na wenzake watano, ukutani kwa Assuntina.
Wenzake watano walilala salama.

Kesho yake jioni akaniita chooni.
"Mama, nimekojoa chai."
Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwanza.
Kisha nikamgeuza uso dirishani
nikaona weupe wa macho yake
umekuwa rangi ya nta ya zamani.

Kutoka kwetu hadi Oristano ni kilomita thelathini na moja.
Nilizihesabu kwa pumzi zake.

"Chembe nyekundu zinapasuka," alisema Daktari Pintus,
"kama mapovu ya sabuni, moja baada ya moja."
Usiku ule damu ya mtu nisiyemjua
ilidondoka ndani ya mwanangu, tone, tone,
nami nikakaa na viatu vyake mapajani,
vidogo, vina tope bado.

Alfajiri daktari akachukua karatasi ya leso.
"Fikiria kitabu cha herufi bilioni tatu.
Herufi moja imeandikwa vingine.
Basi kile kimeng'enya kinachozuia chembe zisile kutu
kwake ni dhaifu. Miaka mizima hutamjua ni mgonjwa.
Mpaka aje wa kugonga mlango: homa, dawa fulani, haragwe."
Akanyamaza, akaniuliza:
"Kwenu, nani hali maharage?"

Babu Bobore.
Babu Bobore aliyeinuka mezani bakuli likiletwa,
akaenda kuvuta sigara uani, hata mvua inyeshe.
Tulisema ni maringo. Bibi alisema ni ukaidi.
Huyo huyo aliyechimba mifereji ya vinamasi
wakati mbu walikuwa wengi kuliko watu,
akawazika kaka zake wawili katika kiangazi kimoja,
wote kwa malaria,
na yeye, kitanda kile kile, shuka lile lile,
akaamka akaomba mkate.

Maisha yake yote aliona haya kwa ule mkate.

"Inawezekana," alisema daktari, "siwezi kuapa.
Kijidudu hakistawi vizuri katika chembe za namna ile.
Nyumba mbovu, mgeni hakai."
Kwa hiyo kilichomwacha babu hai
ndicho kilichotaka kuniulia mwana.
Nilitafuta wa kumkasirikia. Sikumpata.

Akampa mama yangu. Mama akanipa mimi.
Sisi wanawake tuna nakala mbili;
kila chembe huchagua moja, huifunga nyingine.
Mimi ni shamba la mbegu mbili zilizochanganyika,
nimekula maharage miaka arobaini na minne
wala sikuota hata ndoto mbaya.
Husemwa, mwana umleavyo ndivyo akuavyo.
Hili sikumlea nalo. Nilimpa tu,
kama mtu anayetoa sarafu gizani
bila kupapasa ni ya thamani gani.

Shamba la babu liliuzwa. Nyumba ilianguka paa.
Warithi waligombana hadi kwa wakili juu ya mzeituni mmoja.
Herufi hii haikugombewa na mtu.

Sasa orodha imebandikwa kwenye friji.
Assuntina aling'oa maharage yake yote bila kuombwa,
akapanda vitunguu, akakataa kuzungumzia.
Binti yangu Gonaria, miaka tisa, anauliza,
"Na mimi?" Namwambia tutapima.
Bado hatujapima.

Mstari wa mwisho wa orodha: nafthalini.
Zile tembe nyeupe za kufukuza nondo.
Nikakumbuka sanduku, na suti ya arusi ya babu,
sufu nyeusi, tumeihifadhi kwa tembe hizo
ili Bachisio aivae akikua.

Nimeitundika nje wiki ya tatu leo.
Upepo wa kaskazini unaijaza mikono.
Kila asubuhi naenda kuinusa kwapani, kwenye kola,
na kila asubuhi
bado.