Kifungo cha Tatu

Magomeni, baada ya arobaini ya shangazi Mwanaharusi,
bati la biskuti likafunguliwa:
stakabadhi za kodi ya kichwa, hirizi,
jino la dhahabu la mtu tusiyemjua,
na chini kabisa babu mzaa babu, Kondo bin Pazi,
amesimama wima, ukubwa wa kiganja,
rangi ya chai ya jana.
Nyuma, kwa kalamu ya risasi: Darisalama. Basi.

"Askari wa Mjerumani," akasema baba mdogo Mshindo,
kidole kikigandamiza kofia.
"Huyu alikula rupia."
"Keya," akasema Shomari, ambaye amesoma.
"Tazama mkanda. Tazama kaptula."
Wakabishana hadi pilau ikapoa,
kama vile vita vile havijaisha,
kama vile mmoja wao atalipwa pensheni.
Mimi nikaipiga picha ile picha kwa simu,
nikaikuza mpaka uso ukawa punje za mchanga.
Nembo ya kofia: labda tai, labda simba,
labda inzi wa zamani aliyetua mara moja, akaondoka.

Jumatatu nikaenda Narung'ombe kwa Bi Chausiku,
fundi wa sare: shule, mgambo, walinzi wa benki.
Hakuuliza vita gani.
Alivaa miwani, akasema, "Koti si lake."
Lilikatwa kwa mfupi mnene; huyu mrefu, mkavu.
Mikono imeishia njiani.
Kiuno kimebanwa kwa nyuma,
pini, au vidole vya mpiga picha.
"Na kifungo cha tatu kimeshonwa msalaba.
Vingine vyote mistari miwili.
Hiyo sindano ya mtu mwingine."
Akanyamaza. Cherehani nayo ikanyamaza.
Juu yetu sare themanini za darasa la kwanza
zilining'inia zikisubiri watoto.

"Kifungo hiki nakijua," akasema.
"Kipo kwetu Ilala, ukutani,
kwenye kifua cha babu yangu."

Akafunga kibanda mchana kweupe, tukaenda kwa miguu.
Na kweli: mtu mwingine, mashavu mengine,
koti lile lile, msalaba ule ule,
nyuma yake pazia lile lile
lenye nguzo za kuchora na ua lisilo na jina.
"Kwenu mlimwita nani?"
"Askari."
"Na kwetu askari."
Tukacheka mpaka wajukuu wakatoka chumbani
kuona nani amekufa.

Kisha akaishika tena picha yangu, akaisogeza dirishani.
"Kola imeshindwa kufunga.
Mwili mwembamba, shingo kama kinu.
Shingo hii haikukuzwa na bunduki, mwanangu.
Hii ni ya mzigo."

Sijui. Sina daftari lenye jina lake,
na waliobeba, nasikia, waliandikwa kwa namba
pale walipoandikwa.
Lakini nilirudi nikipita katikati ya Kariakoo,
wachukuzi wakipiga mluzi, "Pisha! Pisha!",
marobota yamewalalia visogoni,
na mtaa mzima, soko zima,
limebeba jina la kazi ile,
nasi tulikuwa tunamtafuta kwenye kofia.

Miguu yake peku. Hiyo hakuazima.
Vidole vimetanuka, vimeshika sakafu ya studio
kama mtu aliyeambiwa asitikisike
na amelipa pesa yake ili asitikisike.

Mshindo keshanunua fremu.
Chini ameandika ASKARI, kwa wino mwekundu.
Sikufuta. Nani nimvue mzee koti
alilolipia mwenyewe?

Ila kabla sijaondoka Ilala
Bi Chausiku alichomoa futi shingoni,
akalilaza juu ya picha, akapiga hesabu kwa midomo,
akafungua daftari la wateja:
Kondo. Kifua thelathini na nane. Mikono mirefu.
Kola: ongeza.
Penye siku ya kuchukua
akaacha wazi.