Visahani Vitatu

Waliniita Molo siku ya Jumanne, ukungu bado umelalia mabati
ya Chama cha Wakulima wa Pareto.
Sefu ilikuwa pembeni, kijani chake kimechujuka,
nzito kama deni la ukoo,
na juu yake vikombe vinne na birika
lililosuguliwa majivu mpaka likang'aa.
Miaka sita ilikuwa meza ya chai.

Karani Gitahi alikufa na nambari zake.
Hakuziandika, walisema, hakumnong'oneza mtu.
Mjane wake, Nyakio, alikaa karibu na mlango:
"Mimi aliniachia koti. Na deni la duka."

Walikwisha kujaribu yote yanayojaribiwa:
siku aliyozaliwa, siku aliyoajiriwa,
sanduku la posta,
mwaka wa uhuru, mbele na nyuma.
Mwenyekiti Kibowen alileta mtaimbo.
Fundi Simiyu alileta gesi,
akaacha kovu jeusi mlangoni, akalipwa nusu.

Mimi nilianza kwa kutoa vikombe.
Nikaomba kiti, penseli, daftari la hesabu lenye miraba,
na wote wanyamaze.

Nyuma ya uso ule wenye alama mia
kuna visahani vitatu vya shaba,
kila kimoja na pengo dogo ukingoni,
na juu yao ulimi wa chuma unangoja
mapengo yajipange, uanguke.
Haujui mwizi wala mwenye mali.
Unajua kuanguka tu.

Wasema sikio halilali njaa.
Langu, siku hiyo, lililala nayo.
Husikii kitu, huo ndio ukweli.
Ni vidole. Ni jambo jembamba kuliko unywele
linalogusa mapema kidogo:
kumi na nne na robo,
kumi na nne na robo,
kisha, mara moja tu, kumi na nne kasoro.
Naandika. Nasogeza alama mbili na nusu. Naandika.

Saa nne. Saa sita. Mvua ikaja na baridi yake
nikapoteza ncha za vidole.
Nyakio akaja na chai; hakuniuliza,
akaichukua mikono yangu, akaizungushia kikombe.
Alikuwa mshonaji, alisema.
Aliujua uzi unavyokaza kabla haujakatika.

Saa tisa na dakika saba:
thelathini na nane, sabini na moja, kumi na sita.
Mpini ukashuka kwa uzito wake wenyewe.

"Thelathini na nane ni nini?" wakaulizana.
Zaburi? Kilo za mavuno?
Nyakio alihesabu kwa midomo, akatikisa kichwa.
Mwanamume uliyelala naye miaka arobaini
ana nambari tatu ambazo hukuwahi kukutana nazo.

Ndani: stakabadhi za pareto zilizofungwa kwa katani,
hundi zilizopitwa na wakati,
mhuri, wino wake umekuwa vumbi,
na bahasha. Kwa mwandiko safi wa ofisi:
*Nambari za sefu. Zihifadhiwe mahali salama.*

Kibowen alicheka hadi akakaa sakafuni.
Nyakio aliikunja ile karatasi mara nne
akaitia kifuani.

Ikabaki kubadilisha.
Natia ufunguo mwembamba mgongoni mwa kufuli,
nageuza robo, visahani vinalegea,
vinasahau kila kitu walichofundishwa na Gitahi.
Nikamwita mweka hazina mpya, Cheruto:
chagua tatu zako, mimi nageuka.

Nikageukia ukuta, kalenda ya dawa ya kupe,
ng'ombe mweupe asiye na kupe hata mmoja.
Chini ya kalenda, dirishani, nilipoliweka mwenyewe,
birika.
Na ubavuni mwa birika, mdogo, umepinda,
mkono wa Cheruto ukizunguka.

Nilifumba macho.
Nilichelewa kwa nambari moja.

Ninayo mpaka leo.
Sina pa kuifungia.