Asiyeshuka

Saa tisa usiku, chumba cha kufulia, hotelini Saiq.
Mashuka mia mbili na themanini, na mvuke.
Marivic anachora kwa kidole kwenye kioo cha mashine:
mkia kwanza, mrefu, manyoya mpaka nchani,
kisha uso mweusi kama wa aliyechungulia chungu.

"Panya," nasema, nacheka.
Kwetu panya ni gunia lililotoboka,
ni sumu ya mia tano sokoni Lushoto.
Yeye hacheki. Anaongeza masharubu.

Anasimulia kwa Kiarabu chetu cha jikoni,
maneno arobaini na mikono miwili:
milimani kwao, mawingu yanapolala juu ya matawi,
huyu hukaa tunduni mwa mti mkongwe.
Hutembea usiku, taratibu, kama bi harusi anayeogopa kukanyaga nguo.
Huzaa mmoja. Mmoja tu.
Babu yake alijua mti upi una mwenyewe,
na hakumwambia hata nduguye.

Natafuta jina.
Si buku, buku huchimba.
Si kindi, mchana ni wake na ana papara.
Komba? Komba mlevi, hana siri.
Perere nilimsikia utotoni, msituni Magamba,
sauti kama mlango unaong'olewa,
nikavuta blanketi;
lakini perere si panya, na hana mkia wa kuchora.
Lugha iliyovuka maji hadi huku,
ikabaki vinywani mwa bibi zao,
kwa huyu imenyamaza.

"Muite panya-wingu," anasema Nasor dereva, mdomoni kaa la sambusa.
Marivic anakataa kwa kidole.
Jina likianza na panya, watu wataleta sumu.

Ukungu unapanda kutoka Wadi Bani Habib.
Tunatoka na glavu zetu.
Nyuma ya jenereta kuna mti, wenyeji huuita alalani.
Navunja kijiti, nanusa:
mwangati! Penseli ya darasa la pili,
niliyoitafuna hadi risasi.

Marivic anaweka kiganja kwenye gome,
anapiga ulimi mara tatu,
vile anavyomwita mwanawe kwenye simu.

Tunasubiri.
Umande unaingia kolani.
Hakuna kinachoshuka.

"Vizuri," anasema. "Hata kwetu hawashuki."

Ndani, mashine ya tatu inalia, imemaliza.
Kwenye kioo mchoro umetiririka.
Umebaki mkia.