Matundu Kumi na Moja

Coventry, Februari. Mvua ya rasharasha, baridi ya kung'ata meno.
Bi Avril Tansley ananifungulia banda
kwa ufunguo uliofungwa uzi wa sufu.
"Limekaa tu. Wilf hakutaka liuzwe.
Sasa Wilf hayupo, na paa linavuja."

Nafunua turubai.
Milango minne, kijani ya mbaazi,
kijani ambayo kiwanda hakikuiuza kamwe.
Chini yake kijivu. Chini ya kijivu, nyekundu.
Nimekwangua kwa ukucha tu, nyuma ya bawaba,
pale ambapo mpaka rangi mvivu hapafiki.
Gari hili lilivishwa mara tatu
kabla ya kuposwa.

Baba alikuwa fundi wa reli, Tabora.
Alinifundisha kusoma chuma kwa ncha za vidole:
jicho, alisema, hupenda kuamini.
Basi nafumba.
Napapasa ukuta wa injini, mahali pa bamba la namba.
Hakuna bamba. Hakuna hata tundu la ribiti.
Kuna tarakimu nne zilizogongwa kwa nyundo, moja moja,
saba imelala upande kama mlevi,
na mbele yao, X.

Sisemi kitu.
Wapo wajanja wanaonunua seti ya herufi mnadani,
wakagonga X kwenye gari la mwalimu mstaafu,
bei ikapaa mara tano.
X ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hulishwa.

Nainua zulia. Sakafuni, matundu kumi na moja
yamezibwa kwa mpira.
Hapa palifungwa mashine ya kupima mtetemo.
Hapa, tangi la pili.
Hapa iliketi mifuko ya mchanga badala ya abiria,
ikazungushwa juu ya mawe na matuta
usiku kucha, hadi kitu kikatike, wajue kinakatikia wapi.
Waya wa njano unatoka kwenye giaboksi,
unapita chini ya kiti, unapanda dashibodi,
unaishia hewani
kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.

Nina nakala ya daftari la kiwanda.
(Kiwanda chenyewe siku hizi kinauza mazulia.)
Nashuka na kidole: X, tarakimu nne.
Machi 1971. Limevunjwa. Sahihi: W. Tansley.

Lori la skrepa lilitoka getini, naam.
Halikufika skrepa.

Namwonyesha. Anavaa miwani, anasoma,
anasoma tena.
"Alhamisi," anasema.
"Miaka miwili, kila Alhamisi, alirudi saa sita usiku,
akinawa mikono jikoni bila kuwasha taa.
Nilishampa jina, yule mwanamke.
Nilishampa na rangi ya nywele."

Mvua inadondoka kwenye boneti, tone, tone.

"Kwa nini hakusema?"
"Ulikuwa wizi, Bi Avril. Wangemfukuza."
"Ningenyamaza." Anavua miwani.
"Nilinyamazia zito kuliko hilo."

Sina la kujibu. Fomu yangu ina visanduku:
halisi, bandia, haijulikani.
Nimeshatia alama kwenye cha kwanza, kwa penseli,
maana bado nataka shahidi mwingine.

Anainama chini ya boneti, mkono mmoja kiunoni,
anagusa ile saba iliyolala.
"Aligongea mkono wa kushoto," anasema.
"Hata picha ukutani alizitundika hivi hivi, zote zimeinama.
Nilikuwa nazinyoosha akishatoka."

Natafuta kalamu ya wino.
Yeye bado ameinama. Anaifuta ile saba
kwa ncha ya mkono wa sweta, polepole,
wala hajaribu kuinyoosha.